Kisanduku cha mapato: kisa cha karo ya Sh240,000, kutoka Kayole hadi bendi ya 4

Katika fomu ya kuomba ufadhili wa chuo kikuu, swali lilikuwa moja: mapato ya mwezi ni ngapi? Mama akafikiri kidogo, akajumlisha mauzo ya wiki nne zilizopita, akasema, "Andika themanini na nne, kijana wangu." Kijana wa saiba, duka la intaneti, akaandika 84000. "Sawa, mama. Tuendelee." Wakahamia ukurasa uliofuata. Jibu hilo la nusu dakika likaja kuitwika familia Sh48,000 za ziada kwa mwaka, hadi rufaa ilipozipunguza.

Mama huyo na bintiye ni wa kutunga. Tumewaweka Kayole, mtaa wa Nairobi, tukampa mama kibanda cha nguo za watoto katika soko la Gikomba na binti gredi ya B- katika KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) ya 2023, ili hesabu za mfumo mpya wa Kenya wa kufadhili wanafunzi wa vyuo vikuu zionekane zikifanya kazi ndani ya nyumba moja. Asilimia, mipaka ya mapato na masharti ya mkopo ni yale yaliyowakuta waliojiunga na vyuo vikuu vya umma mwaka 2024. Gharama ya kozi tumeiweka Sh240,000 kwa mwaka, bei ya katikati: kozi nyingi za sanaa ziko chini yake, na udaktari wa binadamu ulipita laki sita.

Serikali ilipolipia kiti

Mwanafunzi wa miaka ya mwanzo ya uhuru alilipiwa masomo, kitanda na chakula, na juu yake akapewa hela za mfukoni zilizojulikana kote chuoni kwa jina la "boom". Mwaka 1974 ukaanzishwa mpango wa mikopo kwa Wakenya waliosoma Nairobi, Makerere na Dar es Salaam, lakini mpango huo haukuwa na sheria yenye meno ya kudai, na wengi waliopewa mkopo waliuhesabu kuwa zawadi. Mwaka 1991 ukaja mfumo wa kuchangia gharama, serikali na mzazi. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ikaundwa kwa sheria mwaka 1995, na kwa hesabu ya wakati huo mwanafunzi mmoja aligharimu Sh120,000 kwa mwaka: serikali ilitoa Sh70,000 na Sh50,000 zikawa juu ya mwanafunzi, kwa mkopo na kwa mfuko wa mzazi. Humo ndani karo yenyewe ilikuwa Sh16,000.

Hiyo Sh16,000 iliganda. Ilivuka miaka ya tisini, ikavuka marais watatu, na waliojiunga kabla ya 2023 waliendelea kuilipa. Ukiongeza ada ndogondogo za usajili, maktaba na matibabu, kozi nyingi zilibaki chini ya Sh40,000 kwa mwaka. Mtoto wa waziri na mtoto wa mama mboga walilipa sawa, mradi wote wawili wamepata alama za kuitwa na serikali. Yalikuwa makosa, na wanaoulaumu mfumo mpya leo husahau kulitaja hilo.

Pengo la fedha vyuo vililiziba kwa wanafunzi wa kujilipia. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua masomo hayo ya "parallel" mwaka 1998 na vingine vikafuata. Kisha KCSE ya 2016 ikasimamiwa kwa mkono wa chuma: watahiniwa 88,929 tu ndio waliopata C+, gredi ya chini ya kuingia chuo kikuu, au zaidi, na mwaka uliofuata 70,073. Wote wakaweza kuingia kwa nafasi za serikali, na kisima cha parallel kikakauka. Wakati huohuo serikali ilikuwa imeahidi kulipa asilimia 80 ya gharama ya kila kozi, lakini kufikia miaka ya 2020 ilikuwa ikitoa karibu nusu. Vyuo vya umma vikazama katika madeni yaliyotajwa kupita Sh60 bilioni. Tarehe 3 Mei 2023 Rais William Ruto akatangaza kwamba fedha hazitatumwa tena kwa vyuo kwa kuhesabu vichwa. Zitamfuata mwanafunzi, kulingana na uwezo wa nyumba anakotoka.

Hapo ndipo kazi ya serikali ilipobadilika. Kabla ya 2023 swali lake lilikuwa: mtoto huyu amefaulu? Sasa ni: nyumba hii ina nini? Swali la kwanza lina mtihani, wasimamizi, wasahihishaji na makontena yenye kufuli mbili. La pili lina fomu ya mtandaoni, inayojazwa saiba mara nyingi, na nyuma yako kuna foleni.

Bendi tano

Mfumo hupanga nyumba kwa ngazi za uwezo ziitwazo bendi. Kwa waliojiunga 2024, nyumba yenye mapato yasiyozidi Sh5,995 kwa mwezi iko bendi ya 1. Hadi Sh23,670 ni bendi ya 2, hadi Sh70,000 ya 3, hadi Sh120,000 ya 4, na zaidi ya hapo ya 5. Bendi ya 1 hupewa ufadhili usiolipwa wa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo wa asilimia 25, na familia hutoa 5. Bendi ya 2 ni 60, 30 na 10. Ya 3 ni 50, 30 na 20. Ya 4 ni 40, 30 na 30. Ya 5 ni 30, 30 na 40. Kando ya karo kuna mkopo wa kujikimu: Sh60,000 kwa mwaka kwa bendi ya 1, ukipungua kwa Sh5,000 kila bendi hadi Sh40,000 kwa ya 5.

Zisome tena hizo asilimia polepole. Kuanzia bendi ya 2 hadi ya 5 mkopo wa karo haubadiliki: ni 30 kila mahali. Kinachosogea ni ufadhili na sehemu ya familia, na kila kumi inayotoka upande mmoja inaangukia upande wa pili. Kwa hiyo mvutano wa bendi ni wa serikali na mzazi. Deni la karo la mwanafunzi liko palepale.

Kwa binti wetu, bendi ya 4 ina maana hii kwa mwaka: ufadhili Sh96,000, mkopo wa karo Sh72,000, familia Sh72,000, na mkopo wa kujikimu Sh45,000. Angekuwa bendi ya 2, ufadhili ungekuwa Sh144,000, mkopo Sh72,000 ileile, familia Sh24,000 na kujikimu Sh55,000. Tofauti kwa mama ni Sh48,000 kwa mwaka, Sh192,000 kwa miaka minne.

Mwaka wa masomo una mihula miwili, kwa hiyo mama anatakiwa kuwa na Sh36,000 kila muhula. Hizo ni zaidi ya marobota mawili ya nguo.

Mauzo si mapato

Turudi Gikomba, kwenye Sh84,000. Mama hakudanganya. Ni kweli pesa hizo zilipita mkononi mwake mwezi ule. Lakini alifungua marobota manne ya Sh13,500 kila moja: Sh54,000. Wabebaji, Sh300 kwa kila robota: Sh1,200. Ushuru wa kaunti wa Sh50 kwa siku, siku 26: Sh1,300. Kibanda Sh2,500. Fundi wa kushona vifungo na kupiga pasi Sh1,500. Nauli ya Kayole hadi mjini na kurudi, Sh160 kwa siku 26: Sh4,160. Jumla Sh64,660. Kilichobaki ni Sh19,340, na hapo ni kabla ya kodi ya nyumba, unga na karo ya mdogo wa binti aliye Kidato cha Tatu.

Kwa Sh19,340 nyumba hiyo iko ndani ya mipaka ya bendi ya 2. Kwa Sh84,000 iko bendi ya 4. Imeruka bendi nzima bila kuuza hata soksi moja ya ziada.

Aliyeajiriwa hapatwi na balaa hili, maana hati ya mshahara humtenganishia jumla na kinachobaki. Mfanyabiashara mdogo hana karatasi hiyo, na ukimuuliza mapato, jibu la haraka ni kile anachokikumbuka, yaani mauzo. Wenye bodaboda hutaja makusanyo ya siku kabla ya petroli na hesabu ya mwenye pikipiki. Mkulima hutaja bonasi ya chai kana kwamba huja kila mwezi. Kuna pia kosa la kinyume, la wanaojifanya hawana kitu, na hilo ndilo linalosemwa zaidi redioni. Kwa maoni yetu, kosa la mama huyu ni baya zaidi, kwa sababu aliyelifanya ni mkweli na hakuna mwenye haja ya kumsahihisha.

Kosa la pili katika fomu yake lilihusu baba. Alifariki 2017. Mama alikuwa na kibali cha mazishi, akadhani kinatosha. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Cheti hutolewa na idara ya usajili wa raia na huombwa kupitia eCitizen, na bila namba yake nafasi ya baba ilijazwa jina na namba ya kitambulisho kana kwamba bado yuko. Kipimo cha uwezo wa familia hakiangalii mapato peke yake. Huangalia pia hali ya wazazi, ukubwa wa familia na wanaotegemea, jinsia, aina ya kozi, ulemavu, na kama mwombaji anatoka eneo lililoachwa nyuma. Kumfufua baba kwa kalamu kulifanya nyumba ionekane ina nguzo mbili.

Kabla ya kwenda saiba

Fomu ya ufadhili na mkopo ni moja, katika tovuti ya HEF, yaani ya ufadhili wa elimu ya juu, na hufunguliwa baada ya KUCCPS, taasisi ya kuwapangia wanafunzi vyuo, kumpa mwanafunzi nafasi. Anayefika saiba mikono mitupu hujaza kwa kukisia. Anatakiwa kuwa na kitambulisho chake, namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe (si la shangazi), barua pepe anayoifungua, namba za KCPE (mtihani wa darasa la nane) na KCSE pamoja na miaka, cheti cha kuzaliwa, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), vitambulisho vya wazazi au vyeti vya kifo, na barua ya mfadhili kama alisomeshwa sekondari na shirika au mhisani. Ongezea wadhamini wawili walio tayari kutoa namba za vitambulisho, na akaunti ya benki.

Mapato yaandikwe kwanza kwenye daftari, nyumbani, usiku mmoja kabla. Upande mmoja mauzo ya miezi mitatu, upande wa pili matumizi ya biashara, kisha gawanya kwa tatu. Miezi mitatu, kwa sababu Januari ya sare za shule si sawa na Aprili ya mvua. Kinachobaki ndicho kiandikwe.

Na kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, mwanafunzi asome fomu yote mwenyewe. Kijana wa saiba analipwa kwa fomu, si kwa bendi utakayopata.

Rufaa

Matokeo yalipotoka Agosti, binti alifungua ukurasa na kukuta 4. Dirisha la rufaa lilikuwa wazi kwenye tovuti ileile. Wengi hukata rufaa kwa kuandika aya ndefu ya huzuni. Aya hiyo haina mahali pa kuingia katika kipimo. Kinachoweza kusogeza bendi ni taarifa iliyobadilika ikiwa na karatasi nyuma yake.

Cheti cha kifo cha baba kilipatikana. Barua ya chifu ikaandikwa, ikitaja idadi ya watoto na kazi ya mama bila mapambo. Muundo wa karo ya mdogo wake ukaambatishwa. Kwenye mapato kulikuwa na mtego: mama alitaka kupeleka taarifa ya M-Pesa peke yake. Taarifa hiyo ingemmaliza, maana wateja wengi humlipa kwa simu, na jumla ya pesa zilizoingia ingethibitisha zile Sh84,000. Ikapelekwa pamoja na risiti za marobota na kurasa za daftari, na malipo kwa muuzaji wa jumla yakapigiwa mstari kwenye taarifa hiyohiyo, ili aliyeisoma aone pesa zikiingia asubuhi na kutoka jioni.

Katika kisa chetu rufaa inamshusha hadi bendi ya 3, si ya 2. Kwa nini isiwe ya 2, mwombaji hawezi kujua, kwa sababu haoni ni kigezo gani kimepewa uzito gani. Kwa bendi ya 3 familia inalipa Sh48,000 kwa mwaka, na kujikimu kunapanda hadi Sh50,000.

Lakini rufaa haisimamishi saa ya chuo. Usajili wa muhula ulihitaji Sh36,000 za bendi ya 4, na mama alizitafuta: Sh20,000 mkopo wa chama cha akiba, Sh6,000 akiba, na Sh10,000 basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge. Bendi iliposhuka, Sh12,000 zilizozidi hazikurudi mkononi. Zilibaki kwenye akaunti ya binti chuoni, zikisubiri muhula wa pili, huku chama kikidai riba yake kila mwezi.

Basari nayo ina kasoro yake. Hundi haiandikwi kwa jina la mwanafunzi. Ni hundi moja kwa chuo, ikifuatana na orodha ya majina na namba za usajili. Aliyeomba kabla ya kupewa namba huandikwa kwa jina tu, na vyuo vina kina Wanjiku na kina Otieno wengi. Pesa hufika, zikakaa kwenye akaunti ya jumla, na deni la mwanafunzi likabaki vilevile. Dawa ni kuchukua nakala ya orodha kwenye ofisi ya basari na kuipeleka mwenyewe kwa ofisi ya fedha ya chuo.

Pesa za serikali zinapochelewa

Ufadhili na mkopo wa karo hupelekwa moja kwa moja chuoni. Zikichelewa, mfumo wa chuo hauandiki kwamba serikali ndiyo inayodaiwa. Unaandika salio kwa jina la mwanafunzi. Binti aliyekamilisha sehemu ya familia yake hukuta bado anadaiwa Sh84,000 za muhula, na kadi ya mtihani haitoki. Kinachosaidia ni kuwa na ukurasa wa mgao wake umechapishwa, risiti za alicholipa, na kwenda kwa ofisi ya fedha wiki ya kumi, si asubuhi ya mtihani.

Mkopo wa kujikimu huingia kwa mwanafunzi mwenyewe, na anayekaa nyumbani Kayole anaweza kuupima hivi: siku 150 za masomo kwa mwaka, nauli Sh200 kwenda na kurudi, ni Sh30,000. Kwa bendi ya 3 zinabaki Sh20,000, yaani Sh133 kwa siku kwa chakula cha mchana, data na kuchapisha kazi. Kwa bendi ya 4 ingekuwa Sh100 kamili. Aliyepanga chumba hesabu hii haimhusu. Yeye hana pa kuanzia.

Deni la mwisho wa safari

Huku ndiko watu hawatazami. Jumlisha mkopo wa karo na wa kujikimu kwa miaka minne ya kozi hii. Bendi ya 1: Sh480,000. Ya 2: Sh508,000. Ya 3: Sh488,000. Ya 4: Sh468,000. Ya 5: Sh448,000. Mtoto wa nyumba yenye mapato ya Sh20,000 anamaliza chuo na deni kubwa kuliko mtoto wa nyumba yenye Sh200,000, kwa kuwa umaskini wake ulimpa haki ya kukopa zaidi ili ale. Chini ya mfumo wa zamani HELB ilitoa Sh60,000 kwa mwaka kwa aliyepewa nyingi zaidi, yaani Sh240,000 kwa miaka minne.

Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, nafuu mno ukilinganisha na benki yoyote. Hata hivyo, asilimia 4 ya Sh508,000 ni Sh20,320. Mhitimu anayelipa Sh1,700 kwa mwezi anafuta riba tu. Deni lenyewe halijaguswa. Malipo huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza, na anayenyamaza hutozwa faini ya Sh5,000 kwa mwezi, karibu mara tatu ya riba. Asiye na kazi afadhali aende ofisi za HELB, Anniversary Towers, University Way, aeleze hali yake na kukubaliana kiasi kidogo, kuliko kuzima simu.

Mfumo wenyewe umeyumba tangu binti ajiunge. Oktoba 2024 Mahakama Kuu iliusimamisha kwa muda, na tarehe 20 Desemba Jaji Chacha Mwita akautangaza kuwa kinyume cha Katiba, akitaja ubaguzi na kukosekana kwa ushirikishaji wa umma. Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo mwaka 2025. Julai 2025 serikali ikatangaza kupunguza karo kuanzia Septemba. Kwa hiyo mwenye kujaza fomu leo achukue gharama mpya ya kozi yake, kisha arudie hesabu zetu kwa namba hizo.

Binti wetu naye ana tarehe ya kuangalia. Mkopo huombwa upya kila mwaka, na hakuna anayempigia mtu simu kumkumbusha. Akiusahau mwaka wa pili, Sh72,000 za karo hazitatoka HELB, na mfumo wa chuo utaziandika kwa jina lake, chini ya zile Sh48,000 ambazo mama tayari anazitafuta Gikomba.